Siku Niliyopigia Jopo Magoti Ghalani Kasoli

Jamani, hili nimelificha hata kwa dada yangu wa tumbo moja, na leo nalisema kwa sababu mmenibana, kwa hiyo chekeni ila msinikatishe, maana nikikatishwa nitapata nafasi ya kuona aibu na sitamaliza.

Mnajua mimi ni afisa TEHAMA hapa halmashauri, nimeletwa Bariadi kutoka Muheza, na mnajua nasoma masta ya kompyuta kwa mtandao, mchana kazini, jioni vipindi, Jumamosi kazi za kikundi (kikundi ambacho nafanya mwenyewe). Utafiti wangu ulikuwa programu ya simu ya kumjulisha mkulima wa pamba kwamba dawa ya wadudu imefika kwenye chama chake cha ushirika. Jopo la chuo lilishanirudisha mara ya kwanza, likasema andiko zima halina sauti ya mkulima hata mmoja, na barua ikasema wazi kwamba nikishindwa mara ya pili naondolewa masomoni. Miaka miwili ya kulala na laptop kifuani iende hivihivi! Mtu mwenye akili angepanda bodaboda akawaulize wakulima. Mimi nilikaa ofisini chini ya feni nikaandika kwamba nimehoji wakulima ishirini wa Kasoli, nikawatungia na maneno, nikajiambia wikiendi nitakwenda kuwahoji kweli. Wikiendi gani, sijui.

Asubuhi ya kutetea andiko kwa mtandao, bosi akanituma hukohuko Kasoli, kompyuta ya chama cha msingi imegoma. Ningesema nina mtihani, angemtuma mwenzangu. Lakini nikaona hiyo ndiyo bahati yenyewe, nitakaa ghalani, magunia ya pamba nyuma yangu, jopo waone mtafiti yuko na wakulima wake. Kompyuta ilinichukua nusu saa (waya tu ulikuwa umelegea), nikaomba kona, nikaweka laptop mezani, nikachomeka earphone masikioni, nikaanza.

Nilianza vizuri. Nilifika slaidi ya mahojiano, nikasema "wakulima walinieleza kwa kina," na hapo mlangoni akaingia Mzee Maduhu, mwenyekiti wa chama, kofia mkononi, akaja moja kwa moja kumsalimia mgeni wake kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, binti!"

Sasa, siku niliyoripoti Bariadi, mama mwenye nyumba alinifundisha jambo moja kabla hata hajanionyesha choo: mzee akikusalimu huku, mwanamke unapiga magoti, huitikii umekaa kama mkuu wa wilaya. Nimezoea hadi miguu inakunjika yenyewe. Nikashuka kwenye kiti, magoti chini, "Mwangaluka, baba," na waya wa earphone ukabaki umenasa kwenye kiti, ukachomoka kwenye laptop, na sauti za maprofesa zikajaa ghala zima.

"Mtafiti amepotea? Hatumwoni."

Mzee Maduhu akashtuka, akatazama laptop, akaona nyuso za watu wazima zinamtazama, na kwa heshima zake zote akakalia kiti changu. "Mhola, waheshimiwa. Habari za huko?"

Nikanyoosha mkono kutafuta kitufe cha kuzima, nikaangusha kalamu. Niliogopa, jamani, niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa daktari.

"Shikamoo mzee," akasema mwenyekiti wa jopo, amefurahi kabisa. "Bila shaka wewe ni mmoja wa wale ishirini aliowahoji binti yetu?"

"Marahaba. Huyu?" Mzee akainama kuniangalia hapo chini, kwa upole tu, hana ubaya. "Huyu tumemwona leo. Amekuja kututengenezea kompyuta, na ameitengeneza vizuri sana."

Ikaja sauti ya msimamizi wangu, ya chini kabisa: "Binti, umetuandikia nini?"

Nikaungama palepale, bado nimepiga magoti, naongea na meza. Walinitoa nje ya kikao nikasubiri nimejikunyata kwenye gunia, na waliponirudisha wakasema hawaniondoi kwa sababu nimekiri, lakini nianze upya, na wa kwanza kuhojiwa awe mzee huyohuyo.

Wiki iliyofuata nikarudi Kasoli na daftari tupu. Mzee Maduhu alikubali kwa sharti moja: "Kwanza nisomee nilichosema ile mara ya kwanza."

Nikasoma: "Mkulima wa kwanza alieleza kuwa changamoto yake kubwa ni kutopata taarifa kwa wakati kuhusu kuwasili kwa dawa."

Akasikiliza hadi mwisho, kisha akakuna kidevu. "Dawa ikifika hapa, binti, hatuhitaji simu. Barabara yote inanuka. Tusichokijua ni siku ya kuipiga shambani, na hilo hukuniuliza."

Utafiti wangu wote, slaidi arobaini, ulikufa hapo kwenye benchi la chama. Nikafungua ukurasa wa kwanza wa daftari nikaandika swali lake, na tangu siku hiyo simwandikii mtu neno ambalo sijalisikia likitoka mdomoni mwake. Na earphone nimenunua zisizo na waya.