Juu ya Lori la Baba Mkwe

Nianze na hasira, maana mpaka leo ninazo. Nikiona lori linapanda mlima kutoka Igawa, mguu wangu unakanyaga breki ambayo haipo. Mume wangu akiwa karibu anajifanya anasoma simu. Na asome.

Mimi ni fundi umeme wa magari. Nilizaliwa Iringa, nikakulia gereji kwa baba yangu, nikaolewa Uyole kwa Wanyakyusa. Sisi Wahehe tunasemwa kuwa hasira zetu ziko karibu, na wakwe zangu walinitania tangu siku ya posa: "Msimcheleweshee chakula huyo, atatupiga." Tulicheka wote. Jambo moja ndilo hawakunitania, nalo ndilo lililonikuta. Kwao mke wa mtoto hakai na baba mkwe. Hamtazami usoni, hapiti mbele yake, hatamki jina lake, na mzee naye hamtazami. Mjini wengi wameacha, wanakula meza moja na wakwe zao na hakuna aliyekufa. Baba mkwe wangu hakuacha. Miaka minne tuliishi ua mmoja nikimjua kwa kikohozi chake na kwa viatu vyake vya mpira. Akitokea mlango wa mbele, mimi napitia jikoni.

Sikuwa nachukia, niseme ukweli. Nilizoea. Nilichosema kilipita kwa mume wangu, na alichosema mzee kilirudi kwa njia hiyohiyo.

Sasa, nilikuwa na gari. Saluni ya zamani, gari dogo la kawaida, niliyoinunua ikiwa haina hata injini, nikaijenga upya miaka miwili nyuma ya nyumba: injini, vyuma vya kinga ndani, nyaya zote kwa mkono wangu, taa nne kubwa mbele. Iringa kulikuwa na mashindano ya watu wa ridhaa, yaani sisi tusio na wafadhili, tunaoshindana barabara za vumbi Jumapili na Jumatatu tunarudi kazini. Nilijiandikisha. Baba yangu mzazi aliposikia, alinipigia simu akasema, "Njoo nalo upesi mwanangu, haya macho yananiaga." Daktari alikuwa ameshamwambia. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha, la kulia linaona kama kupitia pazia. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika spana nikiwa darasa la pili, na alitaka kuliona gari langu likikimbia angali anaona. Hiyo ndiyo ilikuwa safari yangu, si kombe wala medali.

Gari la mashindano huliendeshi kutoka Mbeya hadi Iringa. Matairi yake siyo ya lami, na likifia huko Makambako umekwisha. Hapo ndipo baba mkwe alipotuma neno kupitia mama mkwe: lori lake limelala, atalitengeneza libebe gari la mkwe wake. Nililia jikoni. Lori lile lilibeba magogo ya kiwanda cha karatasi cha Mgololo miaka na miaka, mpaka mzee alipochoka mgongo, na hakuwa amemruhusu mtu hata kukaa kwenye usukani wake.

Alianza kazi na mashine yake ya kuchomelea. Akakata nguzo za pembeni zilizokuwa zikishika magogo. Akatengeneza ngazi mbili za chuma za kupandishia gari, zinazosimamishwa nyuma na kufungwa kwa pini. Akaweka winchi ya kuvutia gari juu, nyuma ya kibini cha dereva. Mwisho akaunda bomba nene la kuvutia gari lingine, maana alisema, kupitia mume wangu, kwamba mashindanoni lazima kuna wa kuharibikiwa na si vizuri kumwacha mwenzako porini. Nilikuwa nachungulia dirishani akiinuka kwenda kunywa chai, kisha natoka kukagua. Kazi safi jamani. Mzee alikuwa fundi.

Isipokuwa pete. Pete nne za chuma za kufungia mikanda ya gari alizifunga kwa skrubu kwenye mbao za sakafu. Mbao za msindano, laini, zimesuguliwa na magogo mpaka zinang'aa. Nikamwambia mume wangu, "Mwambie baba hizo pete zipite kwenye mbao, zishikwe na boriti za chuma za chini kwa bolti. Gogo halina magurudumu. Gari linayo."

Akaenda. Nikiwa nyuma ya mlango nikawasikia wanaongea Kinyakyusa, lugha ambayo mpaka leo naishika kwa shida. Nikasikia mzee anacheka kidogo, na mume wangu anamaliza kwa "ndaga". Ndaga ni asante. Akarudi. "Amesema amesikia," akaniambia.

Siku mbili zikapita, pete zikabaki pale pale. Nikamtuma tena. Akaenda, wakaongea, ndaga. Nikamtuma mara ya tatu nikiwa nimemshika shati: "Mwambie nitaanguka na gari." Akasema, "Mama watoto, mzee anajua lori kabla hujazaliwa. Amesema chasisi ni mgongo wa lori, hautobolewi." Nikanyamaza. Hapo ndipo ninapojikasirikia mimi mwenyewe, kwa sababu mzee alikuwa hatua ishirini kutoka nilipo, na mimi nina mdomo. Nilinyamaza kwa heshima. Heshima gani hiyo, ya kumwacha mtu mzima akosee mbele yako?

Jumamosi asubuhi tukaondoka. Ukaguzi wa magari Iringa ulikuwa unafungwa saa kumi jioni, hivyo muda ulikuwepo. Baba mkwe alikuwa usukanini, maana mwingine angeendesha nani? Mume wangu akakaa kando yake. Mimi je? Kibini ni kimoja, na mkwe hakai kibini kimoja na mkwe. Mama mkwe akanishauri nipande basi. Nikasema gari langu siliachi. Basi nikapanda juu, nikaingia ndani ya gari langu, nikafunga mkanda, nikaondoka Uyole nikiwa nimekaa kwenye usukani wa gari lisilotembea, juu ya lori linalotembea, watu sokoni wananipungia mkono. Pale Chimala askari wa barabarani akatusimamisha. Akamuuliza mzee, "Huyo wa juu ni abiria au mzigo?"

"Ni mkwe wangu," mzee akajibu.

Askari kumbe ni mtu wa Tukuyu, Mnyakyusa mwenzao. Akaguna, akafikiri kidogo, akaturuhusu. Yaani hata sheria ya barabarani ilimwogopa mkwe.

Baada ya Igawa manyunyu yakaanza, na barabara ikaanza kupanda kuelekea Makambako. Mbao zikalowa. Tuta la kwanza, nikahisi gari langu limerudi nyuma kama upana wa kiganja. Nikakanyaga breki, nikavuta ya mkono. Tuta la pili, tena kiganja. Breki zilikuwa zimekamata vizuri. Matairi ndiyo yalikuwa yanateleza juu ya mbao. Nikaangalia mbele, nikaona pete ya kushoto imeinuka, skrubu zake zinatoka taratibu, na mkanda umekazwa mpaka unatetemeka.

Nikachukua simu kumpigia mume wangu. Simu yake ikalia palepale kando yangu, kiti cha pili cha gari langu, chini ya koti. Ameisahau! Nilimtukana kwa Kihehe, kwa Kiswahili, na kwa Kinyakyusa kidogo nilichokuwa nacho.

Nikapiga honi. Nikaibana honi isiachie. Na baba mkwe, mstaarabu wa watu, akadhani ni basi nyuma linataka kupita. Akawasha taa ya kushoto, akasogea pembeni, akatoa na mkono dirishani: pita, pita. Nilipiga honi na yeye ananipisha! Mimi, niliye juu ya mgongo wake! Nikawasha taa zote nne, zikamulika kioo cha nyuma cha kibini mpaka kikawa cheupe. Lori halikusimama. Nikafungua dirisha, nikatoa kichwa na mabega, kitenge cha kichwani kikapeperuka kikaenda zake, nikapiga kelele: "Baba! Simama! Baba!" Na kwenye kioo cha pembeni nikamwona. Mara ya kwanza kuuona uso wake wote. Macho yake yalikuwa mbele, barabarani, yamekazwa kwa makusudi.

Pete ikang'oka na kipande cha ubao, ya kulia ikaifuata. Gari likaserereka nyuma lote, mimi ndani, likagonga zile ngazi mbili za chuma zilizosimama. Nilisikia bati linakunjika. Ngazi hazikutikisika. Nguvu ya zile pini ndiyo iliyoniokoa nisiende kulala kwenye lami mbele ya malori yanayopandisha, na hilo lazima niliseme, pini zile alizichomelea yeye. Kishindo kile hata mzee alikisikia. Akasimama.

Nilishuka. Nyuma ya gari langu palikuwa pamekunjamana, na petroli inadondoka, tone, tone, juu ya mbao. Tangi lilikuwa limepasuka. Baba mkwe akaja upande wa pili wa lori, akaukuta ubao uliong'oka, akauinua, akauangalia muda mrefu. Kisha akamwambia mume wangu kwa Kiswahili, ili nami nisikie, lakini akiwa amenipa bega: "Muulize mke wako. Ndiye aliyelijenga gari, anajua uzito wake na tabia yake. Kwa nini hakuniambia hizi mbao hazitoshi?"

Nikasema, "Nilisema!" Sikumwambia mume wangu. Nilimwambia yeye, nikizunguka lori mpaka nikasimama mbele ya uso wake, kichwa wazi. "Nilisema mara tatu, baba! Nilisema gogo halina magurudumu! Nilisema zishikwe na boriti za chini, nikajibiwa mgongo wa lori hautobolewi!"

Mzee akanitazama. Akamgeukia mwanawe polepole. "Wewe uliniambia anasema ndaga."

Mume wangu akaangalia viatu.

"Mara tatu umekuja," mzee akaendelea. "Mara ya kwanza, anasema ndaga. Mara ya pili, anasema kazi nzuri, ndaga. Na habari ya mgongo wa lori kutotobolewa umeitoa wapi? Mimi sijaisema."

"Nilikuwa nalinda heshima," akasema. "Mkwe kumsahihisha mzee… ningeanzaje, baba?"

Wanasema mjumbe hauawi. Siku ile nilielewa kwa nini ilibidi watu wakatazwe.

"Na taa?" nikamuuliza mzee, maana nilishavuka, kurudi nirudi wapi. "Taa hukuziona?"

"Niliziona," akasema kwa sauti ndogo. "Na kelele nilizisikia. Nikajiambia, si vizuri kumtazama mkwe kichwa wazi. Nitasimama Makambako, nimwamshe mwanangu akamwangalie."

Ningemchukia ingekuwa rahisi.

Tukalifunga gari upya. Mzee mwenyewe alilala chini ya lori kwenye matope na mgongo wake ule, akapitisha minyororo ya magogo kwenye boriti za chini. Dakika arobaini tu. Kazi ambayo ingefanyika Uyole kwenye jua, chai ikiwa karibu.

Iringa tulifika saa tisa na nusu. Mkaguzi alikuwa kijana mpole. Akachuchumaa nyuma ya gari langu, akagusa tangi, akanusa vidole. "Dada, hili siwezi kuliruhusu," akasema. Nilijua. Ningekuwa mimi mkaguzi nisingeliruhusu.

Baba yangu alikuwa ameshafika, kavaa koti lake la kanisani, dada yangu kamshika mkono. Nikampeleka kwenye gari. Akalipapasa boneti, akaingiza mkono dirishani akagusa vyuma vya kinga, akapita na kidole kwenye maungio niliyochomelea. "Umechomelea vizuri," akasema. Kisha akafika nyuma, mkono ukakuta bati lililokunjwa. Nikamweleza. Nikamwambia nitalitengeneza, mwakani litashindana, nitamleta tena.

"Sawa," akasema. "Mwakani nitalisikia."

Sikuhudhuria hayo mashindano kesho yake. Niliyasikia kwa mbali kutoka nyumbani kwa baba, injini za watu wengine, na yeye kakaa barazani ananitajia kila moja ina ugonjwa gani.

Jumatatu tukafunga gari kwa minyororo kurudi Mbeya. Mimi nikaenda kupanda juu, mahali pangu. Baba mkwe akafungua mlango wa kibini upande wa abiria, akausimamia. Hakunitazama sana, lakini alinitazama. "Mkwe wangu," akasema, "panda mbele." Kisha akamwambia mwanawe kwa kidole tu: juu.

Kulikuwa na baridi. Mafinga yote ilikuwa ukungu. Mimi na mzee, hakuna aliyejua pa kuweka macho. Baadaye akaniuliza tangi jipya nitalipata wapi, nikamwambia, akasema pete atazifunga upya nikiwa nimesimama pale naangalia. Tulipokaribia Makambako, honi ikaanza kulia juu. Ikalia, ikanyamaza, ikalia tena kwa muda mrefu. Mzee akapunguza mwendo.

"Anasemaje huyo?" akaniuliza.

Nikavuta vizuri mabegani kitenge alichoniazima dada.

"Anasema ndaga, baba," nikamwambia. "Twende."