Siku Mjomba Alipokula Bila Kusali

Ashukuriwe Mungu, aliyenipa miaka mingi kuliko niliyostahili, na akaniachia akili ya kuikumbuka njia aliyonipitisha.

Juzi wacheza ngoma walipita karibu na kanisa letu, wamejipaka ngeu, ule udongo mwekundu unaokorogwa na samli. Harufu yake, nzito na yenye uchachu kidogo kama kibuyu cha maziwa, ilinifikia nikiwa nimekaa barazani, nikafumba macho na kuinamisha kichwa. Wajukuu walidhani naumwa. Sikuumwa, ndugu zangu. Nilikuwa nimerudi kwenye tembe la Bibi, mwendo wa nusu siku kutoka Mpwapwa, nikiwa mtoto wa kike wa miaka saba hivi, wakati Wajerumani walipotutawala.

Mama yangu alikuwa amefariki. Nililelewa na Bibi, mama yake, pamoja na Mjomba Eliya, mwalimu wa shule ya misheni. Mjomba alikuwa mpole kwa kila jambo isipokuwa moja. Ukitia tonge mdomoni kabla ya sala, alikugonga vidole kwa mwiko. Alisema kula bila kusali ni kumwibia Mungu. Bibi hakuwa amebatizwa. Alikaa upande wake wa moto akitutazama tumefumba macho, na hakuacha kutuchokoza.

"Malizeni, ugali unakuwa jiwe! Huyo Mungu wenu hali chakula cha moto?"

Mwaka ule akida, msimamizi aliyewekwa na Wajerumani, aliwatoa watu mashambani wakati wa kupanda, wakachimbe barabara. Aliyechelewa alichapwa viboko mbele ya wanawe. Wazee wawili wa kijiji wakaamua kumwandikia mkubwa wa boma, na Mjomba ndiye aliyeshika kalamu. Jibu lililorudi lilikuwa amri ya kuwafunga minyororo wote watatu. Wazee wale walitoroka mara moja kuelekea kaskazini, wapite Umasai mpaka nchi ya Waingereza. Mjomba alibaki nyuma kwa sababu homa ilikuwa imemlaza.

Alipoweza kusimama, Bibi alimvua kanzu, akaichoma. Alimnyoa, akamfunga ngozi, akampaka ngeu kuanzia utosini. Masikio yake yalikuwa yametobolewa utotoni, na ndewe zilining'inia tupu tangu abatizwe. Bibi akazirudishia vijiti vyake. Angeondoka na wachungaji wanne, nao wamejipaka ngeu kama yeye, waliokuwa wakihamishia ng'ombe malishoni kaskazini. Niliambiwa nimwite Madeje, jina lake la kabla ya ubatizo, na nisimsemeshe mbele ya watu.

Asubuhi ya kuondoka hakuna aliyetulia. Bibi alifagia ua, akarudia kufagia palepale. Ng'ombe walilia zizini wakitaka kutoka. Mjomba alikaa, akasimama, akakaa tena, akivizungusha vijiti vya masikio kwa vidole. Mimi nilimtazama nikawa na hasira. Mtu aliyenifundisha amri kumi alikuwa amegeuka Madeje.

Jua lilipokuwa la utosi, kabla wachungaji hawajafungua zizi, askari akaingia uani na bunduki yake. Hakuwa mtu wa kwetu, wala hakuijua sura ya Mjomba.

"Mama, mwanao yuko wapi?"

"Shika njia ya Kilosa, labda utamkuta," Bibi alijibu. "Tangu aondoke sijamwona."

Askari akawaangalia wale wanaume watano wekundu. Akacheka.

"Mtu wa misheni namjua hata akivaa ngozi. Kijiji kingine nimekwisha kamata wawili. Hawawezi kula kabla ya kufumba macho, mikono inajikunja yenyewe. Lete chakula, mama. Watakula mbele yangu."

"Bwana askari," mchungaji mmoja akasema, "sisi tukifumba macho mbele ya ugali, tukifumbua tutakuta bakuli tupu. Hawa ndugu zangu siwaamini hata kidogo."

Wenzake wakacheka. Mjomba naye alicheka.

Bibi akaleta ugali wa uwele na mlenda. Mikono ikashuka bakulini. Mkono wa Mjomba ukakata tonge, ukasimama hewani. Nami, Mungu anisamehe, nikapiga kelele kwa sauti yote niliyokuwa nayo:

"Hujasali! Unamwibia Mungu!"

Askari akanigeukia. "Nani hajasali?"

Bibi akaja, akaniwekea mkono kichwani.

"Ni mimi, mjukuu wangu. Nimesahau. Uzee huu."

Akapiga magoti palepale kwenye vumbi. Bibi yangu, aliyeicheka sala yetu miaka yote, akafumba macho, akaisema yote bila kukosea neno. Alipofika mwisho akaongeza ya kwake: "Na hawa wenye safari, Baba, wafikishe. Usimwache hata mmoja njiani."

"Amina," akasema askari. Nilipotazama, Mjomba alikuwa anatafuna.

Askari akala pamoja nao, akaondoka kwa njia ya Kilosa. Wachungaji wakatoa ng'ombe. Mjomba akapita mbele yangu bila kuniaga.

Jumapili nilimngoja Bibi twende wote kanisani. Alikataa.

"Nilimwombea mwanangu," alisema. "Sikusali kwa ajili ya mchungaji wa kanisa lako."

Kwa miaka mingi nilibeba mambo mawili: kwamba Mjomba alimkana Mungu kwa ajili ya tonge, na kwamba mimi nilitaka kumuua. Vita vya Wajerumani na Waingereza vilipokwisha na Wajerumani wakaondoka, alirudi, peke yake kati ya wale watatu. Wazee wamezikwa huko ugenini. Nilimpigia magoti nikamwomba radhi. Akanishangaa.

"Radhi ya nini? Tonge lilikuwa mkononi na macho yalikwisha anza kujifumba. Nilijitahidi kuyazuia, yakanishinda. Ulipopiga kelele, yule askari akakugeukia wewe. Nilisali sala yangu yote wakati huo, mwanangu, na macho nimeyafumba, wala hakuna aliyeniona."

Ndipo nilipofahamu kwamba Mungu anaweza kutumia hata ujinga wa mtoto mwenye hasira, bila kumwuliza.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, Bwana akulinde utokapo na uingiapo, na wako walio mbali awarudishe salama mezani pako.