Mume Wangu na Mwanamke wa Nyuma ya Pazia, Bwera

Mume wangu alikuwa anakula chakula cha mchana akiwa ameangalia ukuta.

Siyo mara moja. Miezi mitatu, kila siku ya kazi, kwenye hoteli ya Mfilipino kule Bwera, mpakani na Kongo. Na nyuma ya pazia la jikoni kulikuwa na mwanamke anayeongea naye.

Haya niliambiwa na jirani yangu Gorret, ambaye habari mbaya haimkai mdomoni hata dakika mbili.

Naitwa Evas, naishi Kasese mjini, na mimi ni mtu wa kushuku. Sijifichi. Mtu akinisalimia kwa furaha sana, najiuliza anataka nini.

Mume wangu Asanasio anafanya kazi kwenye ghala la kahawa Bwera. Anatoka asubuhi na pikipiki yake, anarudi jioni. Kila siku nilimfungia ugali wa muhogo na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Bakuli likaanza kurudi lilivyokwenda, na shati linanuka siki na kitunguu saumu.

"Hukula?"

"Nilishiba."

"Ulishiba nini?"

"Evas, wacha nivue viatu kwanza."

Jamani, kwetu mwanaume akikataa chakula chako, amekukataa wewe. Usiku ule sikupata usingizi. Niliona ndoa yangu ya miaka tisa inaliwa na mtu nisiyemjua.

Ijumaa nikajifunga kitambaa, nikavaa miwani myeusi, huyoo Bwera.

Hoteli yenyewe ni chumba kimoja, meza sita. Mwenyewe, yule Mfilipino, anaitwa Marisel, aliolewa na Siraj, kijana wa hapahapa, walikutana Doha kazini. Nilimkagua kuanzia nywele hadi ndala. Alikuwa mbele anapanga sahani, kwa hiyo siyo yeye.

Akaja mhudumu, binti wa Butembo, Kongo, anayeitwa Kahambu.

"Karibu mama. Leo iko kuku ya siki, na iko supu ya samaki ya ukwaju. Batu banaipenda sana."

Nikaagiza supu. Ikaletwa na wali: samaki ngege mzima, nyanya, mboga, mchuzi mkali unaokaza taya. Nikawaza, wanaume wanakimbilia uchachu huu bure? Hapa kuna dawa. Nikaonja kijiko kimoja tu.

Ilikuwa tamu. Nikakasirika zaidi.

"Nani anapika?" nikauliza.

"Iko mama moja mu jikoni. Ni ye anapikaka samaki."

Saa saba kamili Asanasio akafika. Alikohoa kwa nguvu mlangoni, kama mtu anayebisha hodi, kisha akaenda moja kwa moja kwenye meza ya pembeni, akaketi uso ukutani. Hakuniona.

Mkono wa mwanamke ukatokeza kwenye pazia na sahani. Asanasio akainamisha kichwa mpaka mkono ukarudi ndani. Nikasema moyoni, tazama aibu ya mwizi!

Akamwita Kahambu. "Mwambie nyumba ile ni yake. Arudi."

Nyumba gani? Nyumba yangu?

Kahambu akaingia, akatoka. "Anasema Evas hatakubali."

"Evas nitaongea naye mimi."

Sikusikia kingine. Niliruka meza mbili nikimtukana kwa sauti, nikavuta pazia likang'oka na waya wake. Mwanamke alikuwa ameinamia sufuria, mgongo kwangu. Nikamkamata kitambaa cha kichwa na kumvuta. Kofi langu la kwanza likampata shingoni.

"Evas, acha! Ni mama yako!"

Aliyepiga kelele ni Asanasio. Na hata wakati ule hakugeuka! Alikuwa palepale mezani, amejifunika uso na koti. Kwetu Bakonzo mwanaume hali mbele ya mama mkwe, wala hamtazami usoni.

Mwanamke akageuka. Ni mama yangu, Yeseri. Amekonda, kichwa wazi, mvi zimejaa. Sikuwa nimemwona miaka miwili.

Ngoja niwaambie kwa nini. Miaka miwili iliyopita nilipoteza mimba ya miezi saba. Mama alikuwa kwangu ananitunza, alikuwa amenichemshia majani ya tumbo. Daktari alieleza ni presha. Mimi nikashuku majani. Nilisimama uani, majirani wote wakisikia, nikamwambia, "Umeniulia mtoto." Akafunga nguo zake, akarudi kwao Kahendero, ziwani.

"Mama, unafanya nini hapa?" nikauliza.

"Maneno yako ilinitangulia kufika Kahendero," akasema. "Watu ilikataa kununua samaki yangu. Nani atakula kwa mkono ya mtu mwenye anaua wajukuu? Mgeni wa mbali ndiye alikula, akanipa kazi."

Marisel alikuwa ameshika mkono wa mama. Alinitazama nilivyokuwa nikiwatazama watu wote maisha yangu.

Nikapiga magoti kwenye sakafu yenye maji ya samaki. "Mama, nisamehe."

"Hapana," akasema. "Ulinitukana wapi?"

"Nyumbani. Uani."

"Basi sema pale."

Jumapili baada ya misa nikawaita majirani, Gorret akiwa wa kwanza. Mama alikuja na Marisel. Asanasio alibaki nyuma ya nyumba, kwa heshima.

Nikasimama palepale. Nilisema yote. "Mama hakuua mtoto wangu. Nilidanganya. Nilitaka awepo mtu wa kulaumiwa."

Mama akaketi chini polepole, akajifunika uso na kitenge, akaanza kulia kwa sauti. Nilidhani analia kwa ajili ya maneno yangu. Nikamkumbatia.

"Alikuwa na vidole virefu kama ya babu yako," akasema. "Nilimuosha mimi. Na hukunipa hata siku moja ya kumlilia."

Ndugu msomaji, kushuku kwangu hakukuwahi kunikamatia mwizi hata mmoja. Kulimnyima bibi matanga ya mjukuu wake. Kama kuna mtu ulimwaibisha mbele za watu, usimwombe msamaha chumbani. Waite walewale waliosikia.