Msumari wa Mwisho wa Otuoma

Ukimwona Otuoma leo pale ufukweni Pasiansi, ubao begani, utadhani anakukonyeza. Hakukonyezi. Jicho la kulia halipo tena, na aliyemmiminia pombe siku ile ni mimi, Shimba, fundi mwenzake wa miaka kumi na miwili.

Sisi tunaounda mitumbwi tuna desturi yetu. Ukibaki msumari mmoja tu, kule mbele kabisa, tunaweka nyundo chini. Tajiri, yaani mwenye mtumbwi, analeta pombe, tunakunywa, ndipo fundi mkuu anaupigilia huku watu wakishangilia. Wavuvi wanasema mtumbwi usiofanyiwa hivyo hurudi mtupu. Nani aliianzisha, sijui, ila lazima alikuwa mtu wa kushangilia tu, si wa kupiga nyundo.

Nisimsingizie Otuoma: si mlevi. Kwao Rorya amelelewa kanisani, na wiki nzima hunywa chai. Siku ya msumari wa mwisho tu ndiyo hunywa, kwa kuogopa kumwaibisha tajiri.

Siku ile tajiri Mihayo alileta gongo, saa tisa mchana, jua likiwaka. Nikammiminia Otuoma kikombe cha kwanza, cha pili, na cha tatu alipokataa nikamtania: "Mtu wa Rorya unashindwa na kikombe?" Akacheka, akanywa.

Akashika nyundo, maana fundi mkuu alikuwa yeye. Pigo la kwanza lilikwenda pembeni. La pili liliupata msumari ubavuni, ukaruka. Siku nyingine angekwepa, au walau angefumba macho. Siku ile alifumba msumari ulipokwisha kufika.

Na hapa ndipo ninapojichukia. Hakulia. Gongo lilikuwa limemtia ganzi. "Kibanzi tu, kaka," alisema. Nami, mjinga mkubwa, nikachota maji ya ziwa nikamwosha kwa kiganja changu kichafu, nikamlaza kivulini nyuma ya rundo la mbao. Tukaendelea kunywa.

Kesho yake asubuhi mkewe, Truphosa, alikuja kwangu mbio. "Shemeji, pombe imemtoka na maumivu yameingia. Analia kama mtoto!"

Hospitalini daktari aliniuliza kwa nini hatukuja jana. Nikajibu kwamba hakuwa anaumwa.

"Alikuwa anaumwa, ila pombe iliyaficha maumivu," alisema. "Mtu akilewa mkono unakosea, kope inachelewa, na maumivu hayamwambii kitu. Jicho limetoboka, halafu limelala na uchafu usiku kucha."

Walilihangaikia wiki mbili, mwisho wakalitoa.

Jicho lenyewe ndilo lilikuwa la kazi. Otuoma alikuwa akifumba la kushoto, anachungulia ukingo wa ubao kwa la kulia, anakuambia umepinda wapi. Aliporudi kazini alipapasa mbao kwa vidole. Umbali ulimpotea, kila msumari akawa anaukosa, na mimi nikageuza uso nisione. Tukapata njia: mimi nashika msumari kwa koleo, yeye anapiga. Miezi minane tuliunda mtumbwi mmoja hivyo, na watu wa ufukweni walikuwa wakisema huo ndio mtihani wake wa mwisho. Akiukamilisha, ni fundi. Akishindwa, arudi Rorya akalime.

Ukabaki msumari mmoja. Tajiri akaleta kreti ya bia, wakaanza kufungua. Otuoma akainua mkono.

"Msumari kwanza."

"Utarudi mtupu huo!" mvuvi mmoja akapaza sauti.

"Na mimi siku ile nilirudi nyumbani na nini?"

Akavaa miwani ya kazi, akanyoosha koleo kwangu. Kisha akaona kikombe mkononi mwangu.

"Umekunywa, Shimba?"

"Nimeonja tu. Funda moja."

Aliniangalia kwa lile jicho lililobaki. Hakukasirika, na afadhali angekasirika.

"Kaka, kakae kivulini."

Koleo akampa Truphosa, aliyekuja kushuhudia na kitenge chake kipya. Mama wa watu hajawahi kushika koleo maishani mwake, lakini aliushika ule msumari sawasawa.

Nilikwenda nyuma ya rundo la mbao, palepale nilipomlaza siku ile. Nikasikia nyundo: moja, mbili, tatu. Ukaingia wote, watu wakashangilia. Nilimwaga kikombe changu mchangani, na machozi yalinitoka, macho yote mawili.