Nilivyoandika "Haiuzwi" Kwenye Nyumba Niliyokuwa Naiuza

Nakumbuka vizuri mchana mmoja wa jua kali, mwanangu, mvua zikiwa zimesimama kidogo. Nimepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, brashi mkononi, naandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa nyumba yangu mwenyewe: NYUMBA HII HAIUZWI. Na siku hiyohiyo nilikuwa naitafutia mteja. Usicheke bado. Nimesikia na wewe una nyumba unataka kuiuza, na unazunguka kuuliza watu kama umpe dalali au uuze kwa mdomo wako. Wengine watakujibu kwa kusikia. Mimi nitakujibu kwa yaliyonikuta.

Mimi sikusoma. Darasa la nne Samuye, ng'ombe wa baba wakanirudisha porini, basi. Lakini ile miaka ya tisini, wenzangu waliomaliza la saba wakiwa bado wanasubiri barua za kuitwa kazini, mimi nilishashuka kwenye maduara, yale mashimo ya dhahabu huko Geita, na sururu yangu, na nikapanda na kitu. Wengi walipanda na kitu wakakinywa. Mimi nilirudi Shinyanga mjini nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma, vyumba sita, mlango wa mninga. Watu walikuwa wakielekezana njia kwa nyumba yangu: ukifika pale kwa yule mchimbaji, kata kushoto. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, atakayekuambia vinginevyo mlete hapa.

Ila machimbo yana ugonjwa wake. Kule ukipata jiwe zuri unalitia kwanza kwenye soksi, halafu unaanza kulalamika na wenzako kwamba leo hakuna kitu. Jina la nyumbani hulitaji. Mimi kule nilikuwa naitwa Chuma, na hata niliyekuwa nakula naye sahani moja hakujua baba yangu ni nani. Ugonjwa huo nilitoka nao mpaka mjini, mpaka ndani kwangu.

Sasa, Ushirombo kulikuwa na mzee mmoja wa misheni, Mzee Paulo, mwenye mashine ya kukoboa mpunga na banda lake kando ya barabara. Alikuwa amechoka, watoto wake wako mbali, anataka kuuza. Nilipoiona ile mashine moyo ulinidunda. Kuna siku duara litakauka, nikajiambia, lakini watu hawataacha kula wali. Mzee Paulo akanipa mkono, akasema, "Nitakushikia mpaka mpunga uanze kuingia. Ukianza kuingia nawe hujaja, nampa mwingine. Mashine siwezi kuilaza msimu mzima." Akaniuliza jina. Nikamwambia Chuma, wa Shinyanga. Ndivyo ulimi wangu ulivyokuwa umezoea.

Ili niipate mashine ilinibidi niuze nyumba, tena kabla ya mavuno. Na hapo ndipo nilipoanza kuharibu. Sikumwambia mke wangu. Nilijisemea, Mama Kulwa akijua, kaka zake watajua, na kaka zake wakijua kila mmoja atakuja na shida yake. Nikamwambia kuna watu watakuja kuangalia vyumba vya uani, wanataka kupanga. Akafagia uani vizuri, maskini.

Dalali nilimpata stendi. Jilala, mwembamba, baiskeli yenye kengele mbili, kofia haivui hata akisalimia wakubwa. Alizunguka nyumba mara mbili, akagongagonga ukuta kama daktari.

"Bosi, hii ina mteja kabla chai yangu haijapoa. Ila nikija naye, wewe jifanye mpangaji."

"Mpangaji? Kwenye nyumba yangu?"

"Mkijuana mtaniruka. Watu wa aina yenu wameshaniliza sana."

"Aina yetu ipi?"

"Wenye nyumba," akasema, akacheka mwenyewe.

Mimi sikucheka. Nikamtajia bei yangu, lakini jioni yote nikawa nawaza. Kwa nini hataki nimwone mteja? Anaficha nini? Nikaona huyu lazima ategwe. Nikamtafuta Mabula, mtu wa Kishapu tuliyechimba naye, nikamvalisha koti langu na viatu vyangu vya kanisani, nikamtuma kwa Jilala ajifanye mnunuzi.

Mabula akarudi anacheka. "Kaka, jamaa ameipandisha. Bei aliyonitajia si ile yako. Iko juu huko."

Ahaa. Cha juu! Ndicho kile madalali wanachokibandika juu ya bei ya mwenye mali, halafu wanakila kimyakimya. Nilitembea mpaka stendi kwa miguu, nikamkuta amekaa kwenye benchi la muuza kahawa, nikamwambia mbele ya watu wote kwamba yeye ni mwizi na mimi nimemshika.

Jilala akaweka kikombe chini. "Kwani wewe umeshawahi kuuza hata kuku? Mtu wa huku ukimtajia bei yako ya mwisho, ndiyo kwanza anaanza kushuka nayo. Nimeweka pa kushukia. Ungeniuliza ningekuambia."

"Na asiposhuka? Kile kilichobaki juu ni cha nani?"

Hapo akachukua kikombe, akapiga funda kwanza. "Ingekuwa hivyo tungeongea."

Lile funda, mwanangu, ndilo lililomaliza kila kitu. Nikamkataza asikanyage tena mtaani kwangu. Akaniambia, "Haya bosi. Uza mwenyewe, mdomo unao," na wanywa kahawa wakacheka, na waliyekuwa wanamcheka ni mimi.

Nilipofika nyumbani wazo likanijia kwamba huyu mtu ataiuza nyumba yangu nyuma ya mgongo wangu. Mambo hayo yalikuwepo mjini: unasafiri, ukirudi unamkuta mtu anapima madirisha yako ili aweke mapazia. Nikachukua rangi nyekundu ya mafuta iliyobaki tulipopaka milango, nikapanda ndoo, nikaandika yale maneno makubwa. Mama Kulwa akatoka jikoni, akasoma, akatabasamu. Akaniletea chai na viazi pale pale kwenye ndoo. Alisema, "Sasa nitalala salama, Baba Kulwa." Nikanywa ile chai. Sikumwambia kitu.

Basi nikaanza kuuza mwenyewe, kwa kunong'ona. Sokoni namnong'oneza huyu, msibani namnong'oneza yule. Walikuja. Wa kwanza akafika uani, akasoma ukuta, akasema amesahau kufunga mbuzi. Wa pili hata baiskeli hakushuka. Nikawa nashangaa, mimi niliyejiona mjanja kuliko mji mzima. Huko mjini, mwanangu, maneno yale huandikwa kwenye nyumba yenye ugomvi. Mke amegoma, au warithi wanavutana, au kesi iko baraza la kata. Mwenye fedha zake akiyaona anakimbia, na mimi nilikuwa nimeyaandika kwa herufi zinazosomeka kutoka barabarani.

Nikapaka chokaa juu yake. Mama Kulwa akauliza, nikamwambia nasafisha ukuta. Mvua ya siku mbili ikanyesha, chokaa ikatiririka, maana chokaa haishiki juu ya rangi ya mafuta, na maneno yakatoka tena mekundu kuliko mwanzo. Nikapaka tena. Mvua ikayatoa tena. Na huku mashambani mpunga umeanza kuinamisha vichwa.

Ndipo akaja Mzee Hasham. Huyu alikuwa na duka la vitambaa, Mhindi aliyezaliwa palepale mjini, Kisukuma anakijua kuliko vijana wetu wa leo. Alikuwa amesikia mnong'ono wangu na alitaka nyumba kweli, kwa ajili ya mwanawe aliyeoa. Aliingia kila chumba, akafungua maji ya bomba, akakanyaga sakafu kwa kisigino. Nilimwona ameipenda. Nikaanza kuihesabu mashine kuwa yangu. Tulipotoka nje akasimama mbele ya ukuta, akainamisha kichwa, akayasoma yale maneno chini ya chokaa.

Mama Kulwa alikuwa anaanika mtama.

"Mwadila, mayu," mzee akamsalimia, yaani habari za mchana, mama.

"Shikamoo mzee. Umepaona? Vyumba ni vile viwili vya uani, choo mtachangia na sisi."

"Vyumba? Mimi nanunua nyumba, mayu."

Mke wangu akacheka, anadhani ni utani wa wazee. "Hii haiuzwi, mzee. Si umesoma? Kaandika mwenyewe, huyo hapo."

Akanigeukia ili nicheke naye. Mimi nikawa naangalia viatu vyangu. Kicheko kikamtoka usoni taratibu, akaweka ungo chini, akaingia ndani.

Mzee Hasham alinishika bega akanitoa mpaka barabarani. Hakupandisha sauti.

"Kijana, mimi nimenunua kwa madalali, nimenunua bila madalali. Wote wamenila kidogo, na mimi nimewala. Sikufa. Lakini nyumba ambayo mama wa ndani hajui kama inauzwa, hiyo siichukui hata ukinipa bure. Kesho atasimama mlangoni na watoto wake, na atakuwa na haki. Wewe ulimwogopa dalali. Mbona mkeo umemfanyia kibaya kuliko alichotaka kukufanyia dalali?"

Nilitaka kumjibu. Mimi ni mtu wa majibu, waulize wote. Siku ile nilirudi uani nikaokota ungo.

Mama Kulwa alikaa siku tatu haniongeleshi. Chakula naletewa, maji ya kuoga nayakuta, neno hakuna. Siku ya nne akaniuliza kitu kimoja: "Yuko Geita au yuko Kahama?" Alikuwa anadhani nauza nyumba nikamjengee mwanamke mwingine. Ilibidi nimweleze yote, mashine, Mzee Paulo, Jilala, Mabula na koti langu. Hakuamini. Akasema, "Nipeleke nikaione hiyo mashine."

Tukapanda basi. Tulipokaribia Ushirombo niliona magunia ya mpunga yamepangwa kando ya barabara, na kabla hatujashuka nikausikia mlio. Mashine ilikuwa inafanya kazi. Ndani ya banda alikuwepo mwanamume nisiyemjua, mweupe kwa pumba, anapokea foleni ya akina mama.

Mzee Paulo alikuwa amekaa nje. Alisikitika kweli, nilimwona. "Mvua ziliwahi, mpunga ukawahi. Nilikuandikia barua uje hata kwa maneno tu, ningekungoja. Nikampa kondakta. Amemtafuta Chuma Shinyanga nzima. Akarudi akaniambia hakuna anayemjua Chuma."

Mama Kulwa akanitazama. "Chuma ndiye nani?"

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nimeegemea dirisha. Tukiwa tumekaribia kufika akazungumza, taratibu, kama mtu anayejisemea. "Mkwe wa Mzee Hasham ninamsukia nywele. Mwaka jana aliniuliza kama hii nyumba yetu tungeiuza, mumewe anaitamani. Nikamjibu haiuzwi. Ningejuaje?"

Mteja wangu, mwanangu, alikuwa anakaa kwenye mkeka wangu kila Jumamosi, kichwa chake kiko mapajani mwa mke wangu, na mimi niko sokoni nanong'oneza wapita njia.

Nyumba hatukuiuza. Mashine nilinunua baadaye, miaka mitatu mbele, na leo ninazo tatu. Pita barabara ile uulize. Lakini ile ya kwanza bado inakoboa palepale, na kila nikipita napandisha kioo cha gari.

Sasa umeniuliza dalali au mwenyewe. Jilala alikuwa mwizi? Mpaka leo sijui, na hilo ndilo linaloniudhi. Nilimtega badala ya kumuuliza. Wewe ukimchukua dalali, usimwamini, lakini mwambie usoni kwamba humwamini: kaeni mbele ya mwenyekiti wa mtaa, andikeni bei yako, andikeni ujira wake, andikeni cha juu kikipatikana kinakwenda kwa nani, na hati halisi ibaki kwako, yeye mpe nakala tu. Akikataa karatasi, umeshamjua, na hukumtukana mbele ya wanywa kahawa. Ukitaka kuuza mwenyewe, uza kwa sauti. Taja jina lako la kweli, mnunuzi ajue anakupata wapi, mpokee mbele ya mashahidi, na uwe tayari kupigiwa kelele za bei na watu wasio na hata senti. Yote mawili yanawezekana. Mimi leo ningemchukua dalali, halafu ningelala na jicho moja wazi.

Lakini kabla ya dalali, kabla ya mwenyekiti, ingia jikoni kwako. Yule unayelala naye chini ya bati hilo awe wa kwanza kujua, na umwambie umekaa, si umesimama mlangoni. Kama huwezi kumwambia, basi hiyo nyumba bado hujaamua kuiuza.

Nenda, ng'wanawane, mtoto wangu. Mungu akupe mnunuzi mwenye mkono mweupe, akupe dalali mwenye aibu kidogo, na fedha za nyumba hiyo zikajenge nyingine kubwa kuliko hii. Na utakapofungua mlango wa hiyo mpya, mwenzako awe ndiye aliyeshika ufunguo.