Majagi Mawili Yaliyoharibu Bia ya Mama Povu

Saa mbili asubuhi, jikoni kwa Mama Povu kunanukia kimea cha shayiri. Ndoo nne za maji ya bomba zimejipanga sakafuni. Yeye amechuchumaa na kidonge kimoja, anakikata vipande vinne, anavisaga kwa mgongo wa kijiko.

"Hiki kinaondoa klorini," anasema. "Robo kwa ndoo ya lita ishirini. Zaidi ya hapo ni kujitafutia balaa."

Inafuata asidi, matone machache tu, na kikaratasi cha kupimia uchachu. "Maji yetu magumu, hata sabuni inagoma kutoa povu. Bia nyeupe haiyataki hivihivi."

Alikuwa dobi wa kampuni moja. Ilipofungwa, miaka sita iliyopita, akaanza kupika bia nyumbani kwa kibali. Hiyo ndiyo inayolisha nyumba, maana mumewe, fundi bomba, mgongo umemgomea.

Leo mama huyu hana raha. Mwenye baa wa mtaa wa pili, mteja wake mkubwa, amesharudisha mapipa mawili.

"Aliniambia, 'Dada, wateja wananiuliza kama nimefungua zahanati!' Bia inanuka dawa." Pipa la tatu litaonjwa leo saa sita. Likirudi, biashara imekwisha.

Mwanzoni alilaumu mabomba. Kosa! Mabomba ya mtaa mzima aliyalaza mumewe, na mzee wa watu alinuna siku mbili.

"Mabomba yangu hayana neno," anadakia fundi kutoka mlangoni. "Nikamwambia, mama, hebu pika nikuone."

Akavuta kigoda, akakaa kutwa. Mkewe akasaga kidonge, akachemsha, akapoza. Bia ilipopungua kwa mvuke, akachukua jagi, akakinga maji bombani ili ajazie.

"Na hayo yamekunywa kidonge saa ngapi?" fundi akauliza.

Mama Povu anacheka hadi anashika kiuno. "Miaka sita! Majagi mawili kila pipa, moja kwa moja toka bombani. Zamani klorini ilikuwa kidogo, haikujitokeza. Mwaka huu imeongezwa, ikaniumbua."

Jagi lile likamwagwa. Pipa likajaziwa maji yaliyotiwa dawa ya kidonge, likaachwa wiki kadhaa lichachuke, na ndilo linalosubiri mezani.

Saa sita mwenye baa anaingia. Anapeleka glasi puani kwanza, kama mtu anayeshuku maziwa. Anapiga funda. Anapiga la pili. Mama Povu ana kitambaa cha vyombo mikononi, anakinyonga utadhani kimemkosea.

"Ongeza," mwenye baa anasema.

"Ina nini?"

"Haina kitu, dada. Ndiyo maana nasema ongeza." Anageukia mlangoni. "Shemeji, akili hizi ulikuwa umezificha wapi?"

"Nilikuwa nimenuna," fundi anajibu.

Wanaagana kwa ahadi ya mapipa mawili kila wiki. Mama Povu anaketi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, na hapo ndipo anatoa la moyoni: anataka kupika bia nyeusi.

"Nyeusi inayapenda maji magumu," anasema. "Asidi naiweka kando. Nitaondoa klorini tu, mengine yote yaingie kama yanavyotoka kwenye mabomba ya bwana huyu."

Fundi ameshanyakua ndoo, anafungulia bomba.