Bibi Harusi Aliyemfuta Dogo

Fundi wa mapazia alikuwa amebana pini mdomoni binti yake alipoingia na simu mkononi, akamwambia aache kazi kidogo, kuna kitu lazima akione. Binti huyo ni kitinda mimba wake, ndiye pekee aliyebaki nyumbani, na kama kuna dini aliyoishika kwa moyo wote basi ni muziki wa panki, ule wa zamani, wa magitaa yanayokoroma na waimbaji wanaofoka kana kwamba wamedhulumiwa kiwanja. Mama yake alimvumilia. Alijua wako wazazi wenye watoto wenye mapenzi mabaya zaidi.

"Tazama hii, Mama. Bendi ya hapa hapa mjini, kabla sijazaliwa. Mashabiki wamechanganyikiwa."

Fundi akatazama. Pini zikamwanguka mapajani moja moja.

Ukumbi aliujua, na feni yake moja iliyozunguka kwa kusuasua. Mwimbaji amevua shati. Mpiga gitaa amewapa watu mgongo kwa sababu alikuwa na haya, ingawa mashabiki wa leo wameandika kurasa nzima kwamba ule ulikuwa uasi. Na nyuma yao, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi, shati la kiume limelowa chapachapa, kijana mwembamba anazitwanga dramu kama mtu aliyekuja kulipiza kisasi.

"Huyo wanamwita Dogo," binti akasema, na sauti yake ikapungua kwa heshima. "Hakuna anayemjua, na hajajitokeza hata mmoja aliyekuwamo ukumbini. Mwimbaji alishazikwa, mpiga gitaa kumbukumbu zimemtoka, hata mkewe anamwita mgeni. Mwezi ujao tunaonyesha video hii ukumbini. Dogo akipatikana hai, tunamkalisha mbele kabisa."

"Mtamkalisha mbele," mama akarudia.

"Subiri sasa uone balaa."

Wimbo wa mwisho. Wenzake wakasogea pembeni, Dogo akabaki peke yake na dramu zake, mikono haifuatiki kwa macho. Halafu akasimama, akapeleka mkono kwenye kofia. Hapo hapo picha ikakatika, likaja gari lililopambwa maua, bibi harusi akashuka uso umo ndani ya shela, na mwanamke mnene nyuma yake kamshikia pindo lisiguse tope. Kisha video ikaisha, kwa kuwa aliyeiweka mtandaoni hakuona faida ya kuendelea.

"Mpumbavu gani anarekodi harusi juu ya kitu kama hiki?" binti akauliza. "Huyu bibi harusi ametukanwa jamani. Na mimi nimemtia langu."

Mwanamke mnene yule alikuwa shangazi yake fundi. Shela ilikuwa ya kuazima. Fundi aliinama akaanza kuokota pini, akachukua muda mrefu kuliko pini zilivyohitaji.

Basi na tuseme mambo yalivyo, maana hapa hakuna fumbo. Dogo alikuwa yeye. Mpiga dramu wa kwanza aliwakimbia, na mpiga gitaa, kijana wa nyumba ya pili, alikuwa ameshamwona msichana huyu akipigapiga masufuria kwa namna iliyowakosesha majirani usingizi. Baba yake asingekubali binti apande jukwaani, kwa hiyo akavaa shati na kofia ya kaka yake, akaingia ukumbini kama mvulana. Siku ile ya mwisho alichoka kujificha. Alivua kofia, nywele zikamwagika mabegani, ukumbi ukalipuka. Hakuwahi tena kushangiliwa maishani, si siku ya harusi, si alipojifungua, na mapazia hayapigiwi makofi.

Mpiga picha wa harusi alikuwa amekuja ukumbini siku hiyo kujaribu kamera yake mpya, na kanda akamwachia Dogo, kwa kuwa hakumjua mtu mwingine ambaye angeitaka. Dogo akaificha chini ya nguo. Alipochumbiwa, akampa mchumba wake, karani wa posta mwenye mashine ya kuchezeshea video, akitaka aione na amjue vizuri yule anayemwoa. Mchumba alirudi kichwa chini. Akasema mashine imeimeza kanda, imekatikakatika, pole sana. Mashine za wakati ule zilimeza kanda za watu kila siku. Akamwamini, tena akamwonea huruma.

Siku hizo mwenye harusi aliyetaka nafuu alipeleka kanda yake mwenyewe. Mpiga picha alirekodi juu yake, akabaki nayo dukani, na maharusi wakapewa nakala ya harusi tu. Ndivyo kanda ilivyolala kwenye masanduku yake mpaka alipokufa na watoto wake wakaanza kupekua.

Karani, mstaafu sasa, alikuwa sebuleni akimenya chungwa mkewe alipomkuta.

"Uliniambia mashine imemeza kanda."

Mumewe hakuuliza kanda gani. Hilo lilimuuma kuliko yote yaliyofuata.

"Mambo ya zamani hayo, mama watoto."

"Mpiga picha alianzia wapi kurekodi?"

"Alianzia nilipomwonyesha." Akatema kokwa kwenye kiganja. "Ukumbi mzima wa wanaume wanakukodolea macho, nywele ovyo, jasho tupu. Nilikuwa nakwenda kukuoa. Sehemu nyingine hazikunisumbua, ulionekana mvulana tu. Lakini pale ulipovua kofia? Pale sikuweza."

"Ulinionea aibu."

"Nilikuwa kijana. Yamepita. Funika kombe mwanaharamu apite."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na huyu alikuwa amemshonea mumewe nguo zote kwa mkono wake. Hasira zilimpanda. Hakuwa na hamu ya kulia hata kidogo. Alimwita binti yake kwa sauti kubwa, akamsimamisha katikati yao.

"Yule bibi harusi ni mimi," akasema. "Na Dogo ni mimi."

Binti alicheka, kisha akaacha kucheka. Akairudisha video, akamkazia macho mwanamke mnene. "Mungu wangu. Huyu si Bibi Shangazi?" Akaziba mdomo. "Mama, nimekutukana."

"Hilo si neno, mwanangu. Lile la pili umelisikia?"

Binti alimtazama mama yake, tepe ya kupimia shingoni, miwani imefungwa kwa uzi. Alikuwa na huruma usoni, na huruma hiyo fundi aliiona akaichukia. "Basi pigapiga kidogo, Mama. Hapo mezani."

Akapiga. Lakini miaka ya kushika mkasi mzito ilikuwa imemla viwiko na vifundo vya vidole. Alichojua kichwani hakikufika mikononi. Ikasikika kama mtu anayebisha hodi asiye na haraka.

"Baba," binti akageuka, "ni kweli?"

Fundi alimtazama mumewe. Hakumwomba kitu kwa mdomo, lakini macho yake yalimwomba, na karani aliyaelewa vizuri. Kusema kweli kulimaanisha kueleza kwa nini kofia ile haikuonekana ikivuliwa, na nani aliyepafuta. Akajipangusa vidole.

"Bibi harusi ni mama yako," akasema. "Huyo Dogo simjui mimi."

Fundi akarudi kwenye cherehani yake, akakanyaga pedali mpaka uzi ukakatika.

Binti ni mtoto mwenye adabu, hakutaka mama yake aendelee kutukanwa. Jioni ile ile aliwaandikia mashabiki kwamba bibi harusi amepatikana, ni mama yake mzazi, hakujua kulikuwa na nini kwenye kanda ile, na anaomba radhi kwa kumfuta Dogo. Wengi walijibu kwamba wamemsamehe.